Sura Saba za Mjomba

Mjomba wangu alizichoma sura zote saba mchana kweupe, uani kwake Makote, huko Newala, na wanawake aliwaita mwenyewe. "Karibuni kina mama. Tazameni vizuri, ni mti na nywele tu." Hakuna aliyecheka. Mimi nilisimama karibu na choo, hakunitazama. Sura zile zingekuja kwangu, maana kwetu mpwa ndiye anayepokea.

Hizi ndizo anazovaa usoni mchezaji wa midimu, ngoma yetu ya vijana wakitoka jandoni. Mwanamke huziona zikicheza, tena kwa mbali, huku anakimbia. Kuziona ukutani, hazina mtu ndani, mwiko.

Nilikuwa mlinzi wa ghala la ushirika, Masasi. Ushirika ulipokufa, ghala likafanywa jumba la sanaa la umma, nami nikabaki na funguo. Shule yangu ni darasa la nne, lakini Afisa Utamaduni aliniketisha mezani tupange maonyesho ya mwaka mzima. Alitaka kila mwezi kitu kingine: vyungu, mikeka, vinyago vya mpingo, picha za yule mpiga picha wa stendi. Midimu nilipendekeza mimi. Siku tatu, wanaume peke yao, mlangoni nikae mimi. Akaandika. Nilimwona akiandika.

Nikapanda Newala.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Ndiyo wewe utalinda mlango? Wewe uliyeibiwa magunia umeyaegemea?"

Alicheka mpaka akakohoa, kisha akazifunga kwenye kaniki. Nikazipakata ndani ya lori hadi Masasi, nikazifungia stoo.

Ndipo akatokea mnunuzi wa korosho, tajiri wa soko huria, akalitaka jumba liwe ghala lake. Afisa akakubali. Maonyesho ya mwaka mzima yakawa ya siku moja tu, ya kumfurahisha tajiri. Afisa akaniambia midimu imefutwa, vingine vyote vitawekwa pamoja, akanituma Lukuledi kuazima viti. Funguo nikamwachia. Hilo kosa langu, silikatai.

Niliporudi na viti, sura saba zilikuwa zimetundikwa juu ya vyungu. Vyungu vyenyewe vya mke wa mjomba. Alikuwa amesimama pale na wenzake. "Kumbe ndicho tulichokuwa tunakikimbia?" Wakacheka hadi wakashikana mabega. Simlaumu, mlango aliukuta wazi. Tajiri akapiga makofi. Nikamvuta Afisa pembeni, akanipungia mkono niondoke: "Acha ushamba bwana, siku hizi ruksa."

Maneno yalifika Makote kabla yangu.

Mjomba yu hai. Shikamoo yangu haipokei tena. Nikieleza kwamba siyo mimi niliyezitoa stoo, anainuka anaingia ndani. Vijana wa pale sasa wanatoka jandoni kwa kaseti na spika.

Wewe Afisa umestaafu, unakaa hapo hapo Masasi. Nimekufuata mara mbili, mara zote mbili una wageni. Panda Newala, ukae uani kwa mjomba wangu, umwambie kwa kinywa chako nani alizitundika. Nakuuliza mbele za watu: unakwenda lini?