Ngozi Mbichi Kwenye Springi

Siku ya kwanza katika karakana ya mgodi, upande wa Geita, Fundi Mkuu alinipa spana na kunionyesha gari ambalo halikuwa na baba wala mama. Bodi lilikuwa la mbao za mninga, injini ya lori lililokufa, viti vya gari la mmisionari. Aliliunda mwenyewe, Singasinga yule, kwa sababu baada ya Vita Kuu ya Pili magari mapya hayakupatikana, na vipuri ndiyo kabisa.

Ajabu yake ilikuwa chini. Magari mengi ya siku zile yalikuwa na springi mbili mbele, moja kila upande. Hili lilikuwa na springi moja tu, imelazwa kukingama juu ya ekseli na kufungwa katikati kwa yu-bolti, yaani vyuma viwili vilivyopindwa na kukazwa kwa nati. Fimbo ya usukani ilitoka ubavuni. Kwa hiyo springi ikihama kidogo tu, ekseli nayo inahama, na magurudumu yanakata kona hata kama dereva ameshika usukani ulionyooka. Nilieleza haya kwa vijana miaka mingi, mpaka nikachoka kuyasikia.

Kiangazi kimoja yu-bolti zilikatika. Mimi Msukuma, nimekulia zizini. Nikakata kanda za ngozi mbichi ya ng'ombe, nikaziloweka, nikaifunga springi kama baba alivyofunga nira. Ngozi ikikauka inakaza kuliko chuma. Fundi Mkuu akachungulia, akacheka.

"Nzuri sana. Lakini ngozi si chuma, bwana. Kabla mvua haijanyesha, toa."

Muda si mrefu akahamishiwa Mwanza. Nami nilikuwa nimesifiwa na karakana nzima, na sifa zile zilinilevya. Yu-bolti zilipofika stoo niliziona kabisa. Nikaziacha, na karakana ikadhani nimeshazifunga.

Dereva wa gari lile alikuwa Masanja, mtu wa Shinyanga kama mimi. Asubuhi ya mvua ya kwanza alinipungia mkono, "Mwangaluka, fundi!" nami nikaitikia, "Mwangaluka," huku nikitazama maji yakitiririka chini ya gari. Ningeweza kumsimamisha. Nilisema moyoni, leo tu.

Lilipinduka kabla ya kufika Katoro. Masanja alivunjika mguu. Mimi ndiye niliyetumwa kulivuta, na kabla ya kulifunga mnyororo nilikata zile kanda, zimelegea kama utumbo, nikazitupa majanini.

Bwana Meneja wa mgodi alituita ofisini. Masanja aliegemea mkongojo.

"Usukani uligeuka wenyewe, bwana. Nilikuwa nimeushika."

"Usukani haugeuki wenyewe. Ulikuwa umelewa." Kisha akanigeukia. "Fundi, usukani unaweza kugeuka wenyewe?"

"Sijui, bwana."

Maneno mawili hayo. Masanja akafukuzwa, na cheti chake kikaandikwa mlevi. Hakuna mwajiri aliyempa gari tena. Mimi nilipandishwa cheo, nikahamia kiwanda cha pamba Shinyanga, nikatumikia wasimamizi watano, nikafunga springi nisizoweza kuzihesabu. Sikutumia ngozi tena.

Siku ya kustaafu waliniandalia soda na hotuba. Meneja wa wakati huo akasema hakuna gari lililowahi kuanguka kutokana na kazi ya mikono yangu. Wakapiga makofi. Nje ya lango Masanja alikuwa amesimama na mkokoteni wake wa ng'ombe, amekuja kuchukua mashudu. Mguu ulikuwa umepinda vilevile.

Nikamwambia pale pale, bila salamu. "Ilikuwa ngozi, Masanja."

"Najua. Ilipolowa niliisikia harufu yake."

"Mbona hukusema kwa Meneja?"

Alikaza kamba ya nira kwanza.

"Uliifunga wewe. Nilikuwa nakungoja useme."

Akawaswaga ng'ombe wake, nami nikabaki langoni na ile zawadi yao ya saa ya ukutani mkononi.