Kidonda Kilichopendeza Pichani

Wifi yangu ni msusi, na mtaani kwetu hakuna anayemfikia kwa picha. Mteja akiinuka kitini anasimamishwa dirishani, anainuliwa kidevu, anapigwa picha. Chunusi hazionekani, makovu hayaonekani. Hata mimi, na uso wangu huu wa kununa, natoka kama bibi harusi. Siri yake ni kitufe kimoja kwenye mipangilio ya kamera, cha kulainisha ngozi. Alikiwasha siku aliyonunua simu, akakisahau.

Simu hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikipiga picha kidonda cha mama yangu.

Mama ana sukari. Alijikwaa, kidole kikachubuka, na kwa kuwa hospitali iko mbali, daktari akakubali kutumiwa picha kila asubuhi. Alituonya waziwazi: wekundu ukianza kupanda, mleteni haraka, la sivyo mguu utakatwa. Wifi, anayeishi naye, akawa anapiga na kutuma. Jibu lilikuwa lilelile: panaendelea vizuri.

Ila mama hakuwa analala. "Mguu unawaka moto," alisema.

"Mama nawe, daktari kasema unapona. Unadeka tu," wifi alimtania. Uvimbe aliuona, lakini daktari ameshaangalia, yeye msusi aseme nini?

Nilipofika asubuhi ile na kufungua bendeji, harufu ilinipiga puani. Nikautazama mguu, kisha picha iliyokuwa imetumwa muda mfupi tu uliopita. Kwenye simu ulikuwa mguu wa msichana.

"Wewe, hii ngozi umeitoa wapi?"

Wifi aliangalia picha, akaangalia mguu. Akakaa chini sakafuni. Kisha akaanza kuhangaika na mipangilio, anafungua pasipohusika, anarudi. Nilimwona ana hofu, na mimi nilikuwa na hofu zaidi, ila yangu hutoka kama ukali.

"Zima hicho kitu. Na flashi zima, inapaukisha."

Alikizima. Tukasogeza kitanda hadi dirishani. Akafuta kioo cha kamera, kilikuwa na mafuta ya nywele, akagusa kidonda kwenye skrini mpaka kikaonekana vizuri, akapunguza mwanga. Akapiga. Safari hii picha haikuficha kitu: mstari wa wekundu mzito ulitoka kidoleni, ukapita juu ya mguu, ukafika kwenye kifundo.

Akatuma. Daktari hakuandika, alipiga simu.

"Hii ni ya leo?"

"Ya sasa hivi, daktari."

"Na zile za mwanzo?"

Wifi alinikabidhi simu. Nikamwambia mimi habari ya kitufe.

"Mleteni sasa hivi. Msisubiri kitu."

Tulimbeba mama hadi kwenye gari la jirani, mimi mabegani, wifi miguuni, analia bila sauti. Mama alimtazama, hakuwa na hasira hata kidogo.

"Mwanangu," alisema, "mimi si nilikuambia unauma?"