Mroho

Nilikuwa nimefundisha Kiswahili miaka mingi kabla ya msichana mmoja wa Kidato cha Pili kuniuliza mbele ya darasa zima, "Mwalimu, mroho ametoka kwa Roho Mtakatifu?"

Darasa lilicheka. Nilisema tu kwamba mroho ni mtu mwenye pupa ya kula, tukaendelea. Baada ya masomo nilifungua kamusi kuukuu ya maktaba. Roho, neno lililotoka Kiarabu: uhai, pumzi. Chini yake, tamaa ya chakula. Chini zaidi, koo. Kweli, ukimkaba mtu roho, unamkaba koo. Lakini haya yote yaliingiaje katika neno moja? Niliifunga kamusi bila kuridhika.

Muhula huohuo mamangu alianguka akichuma majani chai shambani kwetu, karibu na Ndanai. Kilikuwa kiharusi. Mkono wa kulia ulilala, na koo likasahau kazi yake, hata maji yakawa yanampalia. Hospitalini alilishwa kwa mpira uliopitishwa puani. Yeye aliyezoea kusonga ugali wa watu kumi alikuwa akigeukia ukuta kila sahani za wagonjwa wengine zilipopita.

Asubuhi moja muuguzi alikuja na kijiko na kikombe cha uji mzito wa wimbi. Alinieleza kwamba pumzi na chakula hupitia mlango mmoja kooni, na kila tunapomeza, pumzi husimama kidogo ili chakula kipite. Nilikuwa nimemeza maisha yangu yote bila kujua hivyo.

"Gogo, vuta pumzi," alimwambia mama, akimwita nyanya kwa lugha ya kwetu. "Ishikilie. Sasa meza. Haya, kohoa."

Niliona koo lake likipanda, likasita, likashuka. Akakohoa. Alipovuta pumzi tena ndipo nilipogundua kwamba hata mimi nilikuwa nimeizuia yangu. Watu nisiowajua, zamani sana, walikuwa wameuweka uhai, pumzi na hamu ya kula ndani ya neno moja, nami nikalifundisha kama tusi. Sasa vyote vilikuwa mbele yangu, chini ya ngozi nyembamba ya shingo ya mama, vikipishana.

Mama alinyoosha mkono wa kushoto, akakishika kikombe.

"Bado, Gogo. Kidogo kidogo," muuguzi alisema, akicheka.

Mama hakukiachilia.

Aliporudi nyumbani, dada yangu alimpikia ugali laini na mboga ya managu iliyolazwa kwa maziwa. Tulikaa pande zote mbili tukimwangalia kila tonge.

"Polepole, Mama," dada alisema. "Hakuna mtu anakunyang'anya."

Mama alimeza kwanza, akavuta pumzi, kisha akatujibu kwa ulimi ambao bado ulikuwa mzito:

"Nyamazeni nikule."