Vinyonga wa Mama Priska

Machame ya juu yote ilimjua Martha kwa vinyonga. Si kwamba aliwafuga, nani afuge kinyonga? Waliishi wenyewe kwenye ua wake wa masale, ile mimea ya majani marefu, na kila asubuhi, kabla hata ya kumkatia ng'ombe majani, aliupitia ua ule akichungulia kama mtu aliyeangusha sindano. Kinyonga akijificha chini shinani, kipupwe kinakaza. Akipanda hadi ncha za majani, baridi inafunga virago. Na chiriku wakianza kubeba nyasi kwenda kwenye mti wa mringaringa, basi, anika ulichonacho. Mambo hayo aliyarithi kwa mama yake, na tangu awe mjane hayajawahi kumwangusha.

Mwaka ule, wa pili baada ya vita vya Hitla, neno lake lilingojwa kuliko kawaida, kwa sababu harusi iliyokuwa ikisubiri jua ilikuwa ya binti yake mwenyewe. Harusi bila mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, si harusi, wachungaji waseme watakavyo. Na mbege haiji bila kimea: ulezi uloweshwe, uchipue, ukaushwe juani. Uanike kwenye ukungu wa Julai uone, utavuna kuvu. Kwa hiyo mzee Ndelilio, mshenga wa bwana harusi, alipanda mlima na fimbo yake kuja kuuliza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Priska. Wenzetu wanataka kupanga siku. Vinyonga wanasemaje?"

Martha alikuwa amewaona asubuhi ile ile. Walikuwa juu kabisa kwenye ncha, wamejinyoosha bila wasiwasi, na chiriku walikuwa wakigombania nyasi. Baridi ilikuwa inaaga. Lakini baridi ikiaga, Priska naye anaaga, anateremka Kahe kwa mchumba wake Aminieli na shamba lake la mfereji, kwenye joto na mbu, na nyumba hii inabaki na mama mmoja na ng'ombe mmoja. Priska alikuwa mtoto wake wa pekee.

"Bado wako chini, mzee. Baridi ya mwaka huu ni ndefu. Tuseme Septemba."

Priska alikuwa mlangoni akimenya ndizi. Aliinua macho, akamtazama mama yake, kisha akayarudisha kwenye ndizi.

Neno la Martha halikai nyumba moja. Kufumba na kufumbua kitongoji kizima kikaacha maharage yake ghalani bila kuyaanika, kungoja Septemba. Halafu jua likatoka. Likatoka bila haya, na kilele cha Kibo kikakaa wazi kutwa nzima. Watu walimtania njiani kwamba vinyonga wake wamezeeka, na Martha alicheka nao huku akiharakisha kupita.

Jumapili Priska alisema kichwa kinamuuma, akabaki nyumbani. Martha aliporudi kutoka kanisani alimkuta nyuma ya jiko, amepiga magoti kwenye mkeka uliojaa kimea, kimechipua vizuri na kimeshaanza kukauka.

"Ulilowesha lini?"

"Siku ile alipokuja mzee Ndelilio. Na mimi nina macho, mama. Wewe ndiye uliyenifundisha kuwaangalia."

"Mbona ulinyamaza?"

"Ningekuumbua mbele ya mgeni? Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe kwamba hutaki niende."

"Sitaki uende," Martha alisema. Lilikuwa jambo jepesi kulisema kuliko alivyodhani.

Akaenda kwenye ua wa masale. Akamsogeza kinyonga taratibu, akachuma jani la isale, akalifunga fundo kama afanyavyo mtu anayeomba radhi. Jani kama hilo alikwisha kuwapelekea majirani na mashemeji, lakini kumpelekea mtoto wake hakuwahi kuwaza. Priska alilipokea kwa mikono miwili, akalichomeka kwenye kilemba.

"Kesho nampelekea na mzee Ndelilio la kwake," Martha alisema. "Huko Kahe hakuna baridi, mwanangu. Vinyonga wa kule watakuambia nini?"

"Kila kipupwe nitapanda nije niwaangalie hawa. Mwenye kuwasoma huku ameanza kuona vibaya."

Martha alicheka mpaka machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Kisha akavua kanga yake ya kanisani, akaketi kupindua kimea, maana jua lilikuwa kali na harusi sasa ilikuwa ya mwezi ule ule, si Septemba tena.