King'ora si Yowe

Ukifika Kasulo ukauliza nyumbani kwa Mama Danstan, hakuna atakayehangaika kukuelekeza. Watakuonyesha ukuta tu. Nyumba zote za mteremko ule zimezungukwa na migomba, na katikati ya migomba umesimama ukuta wa matofali ya kuchoma wenye vipande vya chupa juu, utadhani ndani kuna benki. Ndani hakuna benki. Kuna mama wa miaka sitini na kitu, jina lake Jovitha, na kuku kadhaa, na kwenye fundo la kanga yake kuna rimoti nyeusi yenye kitufe chekundu ambayo amekataa kuitupa na amekataa kuibonyeza.

Jovitha ni mzaliwa wa Mabawe, mtoto wa wakulima wa maharage, na alilelewa katika kuitikiana. Kwao kule, na Kasulo pia, mtu akipiga yowe, induru kama wanavyoiita wenyewe kwa Kihangaza, hakuna kuuliza ni nani wala kuna nini. Jembe linaachwa shambani, chungu kinaachwa motoni, watu wanakimbilia inakotoka sauti. Ukisikia ukabaki umekaa, utaitwa mbele ya kitongoji utozwe faini ya mtungi wa pombe ya ndizi, na hiyo ndiyo adhabu nyepesi. Nzito ni kwamba siku ukifiwa watu watakuja kuzika wamechelewa, huku wanatazama pembeni. Alipokuwa msichana, Jovitha alimwona baba yake akitoka mbio bila shati kuitikia yowe la mtu ambaye walikuwa hawasemezani. Walimuua nyoka aliyeingia ndani ya nyumba, baba akarudi, na wakaendelea kutosemezana.

Mumewe, Felisiani, hakuwa na imani na mambo hayo, na tumtendee haki: alikuwa na sababu. Alikuwa dereva wa malori. Katika miaka ile ya mashaka, magari yalipokuwa yakisubiriana ili yasindikizwe na askari kupita msitu wa Biharamulo, siku moja aliachwa na msafara akaamua kujitosa peke yake. Majambazi walimshusha, wakamvunja taya, wakamfunga kwenye mti. Alipiga yowe mpaka sauti ikakauka. Nani amsikie, nyani? Aliokotwa kesho yake na gari la mahindi lililokuwa likitoka Runazi. Tangu hapo hakuamini tena koo la binadamu. Alipoacha kazi na kujenga kwao Kasulo, aliingiza king'ora ndani ya nyumba kabla hajaingiza kitanda.

Mtambo wenyewe ulikuwa na macho ya kugundua mtu anayepita, yamefungwa kwenye pembe za nyumba, na king'ora chini ya paa. Nyuma ya mlango wa mbele kulikuwa na kibao cha namba. Ukifungua mlango, unatakiwa ukikimbilie kile kibao uandike namba ya siri kabla kelele hazijaanza. Sasa vidole vya Felisiani vilikuwa vimezoea usukani, si vijitufe vya ukubwa wa punje ya mahindi. Hawakumaliza hata mwezi ndani ya nyumba mpya, king'ora kikalia.

Watu walikuja kama watu wanavyokuja. Tecla, jirani wa chini ya ukuta, alifika wa kwanza na mwiko wa ugali mkononi. Kazimili, yule mwenye pikipiki ya abiria, alipanda ukuta akachanwa kiganja na chupa. Wengine, pamoja na Celestini mwenyekiti wa kitongoji, walivunja komeo la geti wakaingia na mapanga. Wakamkuta Felisiani ukumbini, amevaa bukta, anagombana na kibao. Alipaswa kucheka. Angecheka tu, hadithi hii isingekuwepo. Badala yake aliona aibu, na aibu yake ikageuka hasira papo hapo.

"Nani kawaita?" alifoka. "Nauliza, nani kawaita hapa kwangu?"

Jovitha alimfunga Kazimili kidonda kwa kipande cha kanga, akasema anabandika chai ya watu wote. Felisiani akasema hakuna chai.

Kwenye mkutano wa kitongoji uliofuata mzee alisimama na koti lake. "Ndugu zangu, tuelewane," alisema. "King'ora si yowe. Kile ni chombo changu, kinamtisha mwizi na kuniamsha mimi. Kikilia, msije. Atakayeingia kwangu kikiwa kinalia nitamhesabu naye ni mwizi."

"Mzee Felisiani," Celestini alimuuliza taratibu, "hata kama kinalia kwa shida ya kweli?"

"Hata kikilia mpaka asubuhi."

Tecla aligeuka akamtazama Jovitha. Wanawake wote waligeuka. Jovitha aliinamisha uso akawa anaondoa nyasi kwenye kanga yake, nyasi ambazo hazikuwepo. Angeweza kusimama. Mke kumpinga mumewe mkutanoni hakujawahi kumuua mtu pale Kasulo. Kungemletea siku chache za kununiwa na kula kimya. Hakusimama. Celestini aliuliza kama kuna mwenye neno, pakawa hakuna, shauri likapita.

Baada ya hapo ndipo ilipokuja rimoti. Lilikuwa wazo la Danstan, mtoto wao wa Mwanza, ambaye upendo wake wote hupitia kwenye simu. Alisema hakuna haja ya kung'oa mtambo wa zamani. Unaongezewa kisanduku kidogo tu cha kupokea mawimbi, na baba ataweza kuwasha na kuzima kutoka popote uani bila kukimbizana na kibao. Akamtuma fundi kutoka Ngara mjini, kijana mmoja mpole aitwaye Wiston. Wiston aliamkia shikamoo, akafungua ule mtambo, akaunganisha nyaya za kisanduku chake na nyaya zilizokuwepo, akaacha uzi mwembamba wa antena unaning'inia. Kisha akabonyeza rimoti mbele yake mpaka taa ikawa inawaka na kuzima, ishara kwamba vimeshafahamiana. Felisiani alitoka na rimoti mpaka mwisho wa shamba lake la kahawa, akabonyeza, king'ora kikalia, akabonyeza, kikanyamaza. Alicheka peke yake kule kwenye mibuni. Jovitha alikuwa hajamsikia akicheka hivyo tangu taya livunjwe, na kwa siku ile moja alikishukuru kile kisanduku.

Rimoti zilikuwa mbili. Wiston alishika ya pili. "Hii ya mama nayo niiwekee yote, kupiga na kuzima?"

"Ya mama iwe ya kupiga tu," Felisiani alisema. "Mwizi akimkaba akamwambia zima, atazima. Namjua. Kuzima kubaki kwangu."

"Na kikishapigwa kwa rimoti, kibao hakitakizima. Nikiwekee muda wa kunyamaza chenyewe?"

"Usiweke. Kilie mpaka mimi nikizime."

Wiston alimtazama Jovitha. "Ni sawa, mama?"

"Muulize mwenye nyumba," Jovitha alijibu, akaifunga rimoti kwenye fundo la kanga.

Kuanzia hapo mzee alipata mchezo. Akiwa shambani anajaribu, akiwa bandani anajaribu, akipata mgeni anamwonyesha. Majirani walifika mahali pa kukisikia kile king'ora kama wanavyosikia malori ya barabara ya Rusumo, yaani hawakisikii.

Siku yenyewe ilikuwa mchana wa kiangazi, maharage yamekauka, watu wote wako mashambani wanang'oa. Vumbi lilikuwa limefunika sola iliyokuwa inaulisha mtambo umeme, na Felisiani, ambaye hakutaka mtu mwingine aiguse, alipanda juu ya paa na ndoo na kitambaa. Jovitha alikuwa anapepeta uani. Alisikia bati likiteleza, akasikia ndoo, halafu akamsikia mumewe akianguka. Bati lilikuwa limetangulia, naye akaliangukia kwa ubavu. Lilimfungua paja kama mtu anavyopasua papai. Damu haikutiririka, ilikuwa inaruka.

Jovitha alifungua mdomo apige yowe. Nataka ujue hilo. Mwili wake ulijua cha kufanya. Mikono ilikuwa tayari imepanda kichwani. Ni Felisiani aliyemzuia.

"Bonyeza!" alisema pale chini. "Bonyeza, mama, bonyeza!"

Akabonyeza. Alikuwa amemtii miaka yote, ataanza kumkaidi leo amelala kwenye damu?

King'ora kikaanza. Jovitha akapiga magoti, akaikunja kanga, akaikandamiza kwenye lile jeraha kwa uzito wake wote, na hapo ndipo akaanza kupiga yowe. Alipiga kwa Kiswahili na kwa Kihangaza. Hakujisikia hata mwenyewe. Kelele zilitoka chini ya paa zikaufunika ua mzima, na yeye alikuwa anafungua na kufumba mdomo kama kuku mwenye kiu. Tecla alikuwa ng'ambo ya ukuta, mahali ambapo siku za kawaida wakipeana chumvi hawahitaji kupaza sauti.

Rimoti ya kuzima ilikuwa kwenye koti la Felisiani, nyuma ya mlango wa chumbani. Jovitha alilijua hilo tangu mwanzo. Lakini kila alipoinua mikono kidogo, damu iliruka upya. Akikaa, hakuna atakayekuja. Akienda, mumewe anamwagika. Alikaa. Alikaa akisubiri mtu ashtuke kwamba leo kimelia kupita kiasi. Felisiani alikuwa anamtazama, midomo inacheza, na kwa kelele zile Jovitha hakupata kujua alikuwa anasema nini. Hicho ndicho kinachomnyima usingizi mpaka leo. Maneno ya mwisho ya mumewe yalitoka, naye alikuwepo, hakuyasikia.

Macho ya mumewe yalipoanza kupinduka, aliinuka. Alikimbia ndani, akararua mifuko ya koti, akaipata rimoti, akabonyeza. Ukimya ulioingia ulimtia kizunguzungu. Akatoka uani akapiga yowe moja kwa koo lake mwenyewe.

Walikuja! Mungu wangu, jinsi walivyokuja. Hakuwa amepumua vizuri, Tecla ameshafika, mikono ina udongo. Kazimili alipitia palepale penye chupa. Walitoka kwenye maharage, kwenye mihogo, wengine peku, wakambeba Felisiani juujuu kama mtoto, wakamwingiza kwenye gari lake mwenyewe lililokuwa limeegeshwa uani, na Kazimili akaliendesha kama mwendawazimu. Alikata roho njiani. Hospitalini waliwaambia damu ilikuwa imeisha, na kwamba jeraha lenyewe lilikuwa la kushonwa tu, kama angewahi.

Wakati wa mazishi Tecla alimshika Jovitha kiunoni, akamnong'oneza huku analia, "Niliona leo kimezidi, Mama Danstan. Nilisimama. Nikakumbuka maneno ya mzee, nikakaa."

Matanga yalipoondolewa, Celestini aliitisha kitongoji uani kwake, jirani na ule ukuta. Mtu alikuwa amekufa huku watu wanasikia, na jambo hilo haliachwi hivihivi. Tecla alikuja na mtungi wa pombe ya ndizi kichwani, faini yake kabla ya kutozwa. Danstan alikuwa amesharudi Mwanza.

"Mama Danstan," Celestini alisema, "mwenye msiba ni wewe, na wewe ndiye uliyekuwa pale. Siku ile, kabla hujatuita kwa mdomo, tulikuwa tumeitwa au hatukuitwa?"

Jovitha aliwatazama mmoja mmoja. Akisema waliitwa, mteremko mzima una hatia, na mumewe ataitwa marehemu aliyeachwa na jirani zake. Akisema hawakuitwa, basi Felisiani alijiua kwa ulimi wake, na mkewe alikaa pembeni akichambua nyasi. Alisimama. Safari hii alisimama.

"King'ora si yowe," alisema. "Alisema mwenyewe, hapa hapa, na mimi nilikuwepo nikanyamaza. Hamkuitwa."

Kisha akabaki amesimama. Hakuna aliyeelewa kwa nini hakai. Alikuwa anasubiri mtu mmoja tu akatae. Alikuwa anamsubiri Tecla, aseme mbele ya watu kile alichokisema makaburini, kwamba alijua, kwamba alisimama akakaa. Faini Jovitha hakuitaka. Alitaka wauchukue mzigo ule pamoja naye, kama walivyombeba mumewe.

Tecla alifuta machozi. "Mungu akubariki, mama yangu," alisema, na mabega yake yakashuka.

Mabega yote ya mteremko ule yalishuka. Mtu akakohoa, mwingine akauliza sasa pombe hii iliyokwisha kuletwa ifanywe nini, na Celestini akasema pombe haina kosa. Vikombe vikatafutwa. Jovitha akaaga, wakamwambia apumzike.

Alifunga geti, akaingia ndani, akaandika namba kwenye kibao. Simu ililia, ni Danstan, anasema amezungumza na Wiston, kuna namna ya kuufunga mtambo ili yeye auongoze kutoka Mwanza, mama asipate taabu. Jovitha akamwambia watazungumza kesho. Alikaa ukumbini peke yake na kanga yake. Ng'ambo ya ukuta walikuwa wameanza kucheka, na sauti ya Tecla ilimfikia pale alipokaa, neno kwa neno.