Oveni ya Bei ya Undugu

Mtaani walimwita Pilipili, naye hakuwahi kukataa. Alioka keki za harusi katika chumba cha nyuma, na ole wake mteja aliyechelewa kuja kuchukua yake. Sasa mkono wa kulia, ule wa kuandikia majina juu ya krimu, ulikuwa umefungwa bendeji toka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Kioo cha mlango wa oveni mpya kilimlipukia akiwa ameinama kutazama keki, na daktari hakumficha: huenda vidole vile visirudi kama zamani.

Akaingia mtandaoni kwenye ukurasa wa kampuni inayouza oveni hizo akamwaga yote, picha na matusi juu. Wakamjibu, "Mpendwa mteja, pole kwa usumbufu." Usumbufu! Damu ilimchemka. Akawarudia kila asubuhi kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, watu wakamshabikia, hadi kampuni ikaandika kwamba mteja aliubamiza mlango mwenyewe. Waongo wakubwa, wala haya hawana.

Jioni mdogo wake akapiga hodi pamoja na mumewe, mfungashaji katika bohari ya kampuni hiyohiyo. Ndiye aliyemletea ile oveni, kwa bei ya undugu.

"Shemeji, nakuomba ufute," alisema, hata kuketi hajaketi. "Wamejua ni mimi niliyekuuzia. Kazi inaota mbawa."

"Waseme kwanza kilipasukaje."

Shemeji akaitazama bendeji, akainamisha kichwa. "Ilikuwa imerudishwa na mteja. Kioo kilikuwa na ufa kwa ndani. Zikirudi tunazifuta, tunazifunga upya, kisha sisi wafanyakazi tunapewa tuwauzie jamaa zetu. Bosi anasema ndugu hawalalamiki."

"Ufa uliuona?"

"Niliuona. Nilidhani kitavumilia."

Pilipili alimchukia palepale.

"Dada," mdogo wake akaangua kilio, "wanangu watakula nini?"

Hilo lilimchoma, maana watoto wale aliwabeba mgongoni. Akachukua simu. Shemeji akashusha pumzi, akidhani anafuta.

Aliandika polepole, herufi moja moja: "Wote mliouziwa oveni na ndugu zenu wa kampuni hii, zizimeni. Vioo vina ufa, na wao wanajua."

Mdogo wake aliondoka bila kuaga. Mlango haujatulia, simu ikalia. Mama mmoja asiyemjua alikuwa amejibu: "Yangu kaniletea mwanangu wa kumzaa."