Sifuri ya Mirta

Mwaka ule wa 1989, bei za vitu mjini Rosario zilikuwa zikipanda asubuhi na jioni, lakini Mwalimu Nélida Bertoni aliendelea kuwafundisha wanafunzi wa sekondari kuweka akiba benki. Mtaala ulisema hivyo.

Kwenye mtihani aliuliza: umepokea mshahara leo, utaulindaje? Mirta, binti wa fundi viatu, aliandika kwamba angekimbia dukani kununua mafuta na sukari kabla bei haijapanda. Mwongozo wa kusahihisha ulitaka jibu moja tu, benki. Nélida akampa sifuri huku roho ikimuuma.

Mirta akamfuata mezani na karatasi yake.

"Mwalimu, siku uliyolipwa si tulikuwa foleni moja? Ulibeba chupa sita za mafuta."

"Saba."

"Sasa mimi nimekosea wapi?"

Nélida aliichukua ile karatasi. Akaenda kwa mkuu wa shule, Bwana Ferreyra, kumwombea yule binti.

"Mwalimu, wakaguzi wakija watatuuliza tunafundisha nini hapa," alisema mkuu bila kuinua kichwa. "Sifuri ibaki."

Nélida akatoka amefura. Alikata ile sifuri kwa wino mwekundu, akaandika kumi. Ripoti zilipotoka, sifuri ilikuwa imerudishwa. Jumatatu akasimama tena ubaoni kueleza faida ya benki, na darasa zima likamwangalia bila hata mmoja kufungua daftari.